Mwaka wa Tano wa Dada Yangu

Dada yangu aliporudi nyumbani, kijijini Kibirichia, Desemba ile, alikuta watu wawili wanamngoja uani. Mmoja alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba. Wa pili alikuwa amebeba redio iliyokufa, ameifunga kwa leso.

Kosa lilikuwa la Baba. Dada alikuwa amemaliza mwaka wa tatu ng'ambo, akisomea digrii mbili zilizoshikanishwa kuwa moja: sheria, na mawasiliano ya kidijitali. Neno hilo la mwisho hata mwalimu wetu wa Kiswahili hakuwa nalo. Nilipomwuliza, alisema niandike "tarakilishi" na niendelee. Basi watu walipotaka kujua binti yake anasomea nini, Baba alijibu, "Uwakili, na mambo ya mawaya." Na mtu wa mawaya, kwetu, ni mtu wa kutengeneza redio.

Yule wa shamba Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akamshauri aanze kwa wazee na chifu kabla ya kukimbilia korti. Redio aliifungua kwa kisu cha jikoni, akapuliza vumbi, akaifunga tena.

"Imekataa," akasema.

Mwenye redio alimwangalia kwa huruma. "Hakuna neno, mwanangu. Wewe soma tu. Utajua."

Nilichekea jikoni, nyuma ya mlango. Mimi si mtu wa mbele ya watu. Wageni wakija nafikisha chai mezani na kurudi kinyumenyume, na shuleni, kidato cha tatu chote, sijui kama niliinua mkono. Lakini na Dada nilikuwa naongea. Tulilala kitanda kimoja, na yeye alikuwa na tabia ya kungoja mpaka nimalize sentensi, hata ikichukua muda. Tangu aondoke sentensi zangu nilikuwa nazimalizia kwa daftari. Kwa hivyo wacha niseme wazi: sikutaka arudi huko ng'ambo.

Na Baba, bila kujua, alikuwa upande wangu. Jioni ya pili, tukila, alianza.

"Hawa wa sheria peke yake wanamaliza lini?"

"Mwaka wa nne, Baba."

"Na wewe?"

"Wa tano. Kwa sababu ni mbili."

"Sasa hiyo moja iache. Mtu hawezi kulima mashamba mawili na jembe moja na mvua ni ile ile. Ukuwe wakili, urudi nyumbani."

Dada hakubishana. Alisema tu kwamba chuo kingetaka jibu kabla masomo hayajafunguliwa: anaendelea na zote mbili au anaacha moja. Baba akamwambia jibu ni hilo ameshalipata. Mama akaongeza mboga kwenye sahani ya Dada, ingawa hakuwa ameomba. Kwetu, Baba akisema hivyo, unabaki na nafasi ndogo sana ya kupitia, na Dada hakuwa wa kuondoka nyumbani na kinyongo cha mzazi. Mimi usiku huo nililala vizuri kabisa. Mwaka mmoja tu, nikajiambia, halafu yuko hapa.

Wiki iliyofuata akaja mama mdogo wetu, binamu ya Mama, aliyeolewa kule chini Embu, upande wa ukame. Alikuwa amefiwa na mumewe miezi michache nyuma. Alikunywa chai yote kabla ya kusema kilichomleta.

Shida yake ilianzia kwa redio. Mumewe alipokufa, shemeji zake ndio waliopeleka tangazo la kifo. Likasomwa mchana, saa ile kila nyumba imewasha, likataja ndugu za marehemu mmoja mmoja, watoto, hata shangazi aliye Maua. Yeye hakutajwa.

"Sasa wanataka shamba," akasema. "Wanasema mimi nilikuwa wa kukaa naye tu, bila kuolewa. Eti kama ningekuwa bibi yake, si redio ingenisoma?"

"Na wenye kula mbuzi za kukuoa wako wapi?" Mama akauliza, kwa hasira.

"Wako. Wawili wako hai."

"Hao ndio mashahidi korti itawataka," Dada akasema. "Mama mdogo, redio haiozeshi mtu na haimwachishi. Nenda uongee nao mapema, kabla hawajaongeleshwa na wengine."

"Sawa. Lakini watu walisikia. Nikienda sokoni wananiangalia tu. Nataka na mimi nitangaze. Niseme hao ni wezi!"

"Ukiwaita wezi, hata kama redio ingekubali kusoma, watakushtaki wewe. Utakuwa na kesi mbili." Dada alichukua kalamu. "Washukuru."

"Niwashukuru!"

"Watu wakimaliza matanga si hutangaza shukrani? Sema mjane wa marehemu anawashukuru shemeji zake kwa kumsaidia kumzika mume wake. Watafanya nini? Wataenda kukana asante?"

Mama mdogo alitazama kikombe, halafu akaanza kucheka mpaka akajifuta macho. Mama naye. Hata Baba, aliyekuwa amejifanya anashona gunia, mabega yalimtingishika.

Dada aliandika maneno hayo polepole, akifuta, akiuliza kila jina. Aliniomba nimsomee kwa sauti, kwa sababu tangazo ni kitu cha kusikiwa, na nilisoma, kwa kuwa ni yeye. Alibadilisha mahali pawili ambapo ulimi wangu ulikwama. Kesho yake Baba mwenyewe alimsindikiza mama mdogo mpaka Makutano, wakapeleka tangazo kwa ofisi inayopokea matangazo ya redio.

Tulikaa kulisikiliza, majirani wakiwemo. Mtangazaji alisema "mjane wa marehemu" kwa sauti nzito, nzuri, na jina lake likafuata, lote. Mama mdogo alikuwa amebaki kwetu kulingoja. Alikaa wima zaidi.

Majirani walipotoka, Baba alizima redio.

"Huyo aliyesoma," akauliza, "angeandikiwa kwamba mimi nimekufa, angesoma?"

"Ofisini wangeuliza kwanza ni nani ameleta habari. Wanaandika jina lake na la kijiji chake. Kukiwa na uongo, kuna mtu wa kuulizwa."

"Vizuri."

"Lakini kwa kompyuta, Baba, hakuna ofisi. Mtu anaandika akiwa kwake, na watu wa nchi kumi wanasoma siku hiyo hiyo."

Baba alifikiria. Alikasirika kabisa, kana kwamba jambo limeshatokea. "Sasa mtu akiandika huko nimekufa, nitamshika wapi? Nitamshtaki kwa nani?"

"Ndiyo hiyo nasomea," Dada akasema.

Baba alimtazama, akatazama redio, halafu, sijui kwa nini, akanigeukia mimi. "Na wewe unayenyamaza kila siku. Amalize zote mbili ama aache moja arudi?"

Wote waliningoja. Neno "arudi" lilikuwa hapo mdomoni, jepesi, na Baba angelichukua mara moja. Nilimwona Dada ameshika pindo la sketi yake.

"Mimi nataka arudi," nikasema. "Lakini hiyo ni kwa sababu yangu. Usiifuate."

Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya Baba. Alisimama kwenda kufungia ng'ombe. Akiwa mlangoni akasema, bila kugeuka, "Amalize zote. Lakini hiyo ya kushika watu wa kompyuta aisome vizuri."

Asubuhi iliyofuata tulienda kuchimba viazi, mimi na Dada, ukungu ukiwa bado chini. Nilitegemea atakuwa na furaha. Alichimba mstari mzima bila neno, na mimi nikaogopa amechukia nilivyosema.

"Sikuchukia," akasema nilipomwuliza. Alisafisha udongo kwenye kiazi kwa kidole gumba. "Unajua, huko kuna baridi mbaya kuliko hii. Na darasani nakaa nyuma kama wewe. Wananiuliza kitu, jibu ninalo, na silitoi." Alitupa kiazi kwenye gunia. "Nilikuwa natamani kidogo Baba akatae. Ningerudi nyumbani mapema na nisiulizwe na mtu."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba yeye pia hukaa nyuma.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa nimekubaliwa," akasema. Alicheka, lakini si sana, akainama tena kuchimba. Nikashika mstari ulio karibu na wake.