Uso wa Baba Mkwe

Safari yangu ya Tukuyu ilianzia kwenye ukaidi wa mama mmoja. Miaka ya sabini nilikuwa muuguzi Iringa. Tupokigwe, Mnyakyusa aliyeolewa na dereva wa malori ya Zambia, alikuwa na binti aliyetolewa jicho kwa uvimbe wa saratani. Daktari alitaka na mdogo wake, aliyekuwa mchanga, apewe nusu kaputi, apimwe macho. Mama akakataa katakata.

"Huyu mzima, Sista. Mbona mnamtafutia ugonjwa?"

Daktari alieleza kwamba uvimbe ule huweza kurithiwa: kosa dogo ndani ya mbegu ya mzazi, ambalo siku hizo hatukuwa na kipimo cha kuliona. Tulichoweza ni kuuliza habari za ukoo. Je, ukweni kuna aliyepoteza jicho? "Hakuna," alijibu. Mumewe alikuwa safarini, na ugonjwa ule haungoji mtu. Nikaomba ruhusa nimsindikize ukweni Tukuyu, yeye na mchanga wake, tukawaulize wazee wenyewe.

Makambako tulikuta baridi ya kukata masikio. Mbeya tulilala kwa dada yangu, tukashiba viazi. Asubuhi tukapanda milima katika ukungu, migomba kila upande, nami Mhehe nikakiri moyoni kwamba wenzetu wamejaliwa nchi.

Tulipofika, baba mkwe alipotokeza tu, Tupokigwe alijitanda khanga usoni akageukia migombani. Kwao mke hamtazami baba mkwe, wala hapiti karibu naye. Mimi mgeni nilimtazama. Mahali pa jicho la kushoto palikuwa na shimo.

"Baba, jicho hili lilipatwa na nini?"

"Uvimbe. Walilitoa kule hospitali ya misheni, ningali mtoto. Mdogo wangu aliugua yote mawili, akafa."

Nilipomweleza habari za mjukuu wake, alielekeza uso migombani. Kisha akapaza sauti: "Mkwe wangu, leo nakuomba mwenyewe. Geuka unitazame."

Mama mkwe, aliyesimama mlangoni, alijishika kinywa. Tupokigwe aligeuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Machozi yalinitoka, sifichi.

"Ndaga fijo, tata," akamshukuru. Halafu akanigeukia. "Sista, turudi akapimwe."

Iringa, daktari aliona doa dogo ndani ya jicho moja la mtoto. Tumewahi, alisema. Mtoto alipelekwa Dar es Salaam, doa likachomwa kwa mionzi, na macho yote mawili yakasalimika.

Nawaheshimu sana wataalamu wanaolisaka kosa lile ndani ya damu. Lakini nikiulizwa ni nani aliyeliokoa jicho la mtoto yule, nitamtaja mzee aliyekubali kutazamwa.