Nyota Aliyoikana Baba

Baba yangu alikuwa na macho ambayo watu wa mtaa wetu, Mji Mkongwe, walikuwa wakiyategemea kuliko kalenda. Mchana akishona magodoro ya sufi barazani, na mimi, msichana niliyekwisha kumaliza skuli, nikimchambulia sufi. Alfajiri akipanda paa la msikiti mdogo ulio nyuma ya nyumba yetu kuadhini. Lakini sifa yake hasa ilikuwa mwezi. Ukitafutwa mwezi wa Ramadhani au wa Idi, watu hawakuuliza kama umeandama. Waliuliza, "Muadhini kauona?" Mama akimtania kwamba anauona mwezi mwembamba mbinguni, lakini chungu kinachoungua jikoni hakioni.

Mwaka wa sitini na saba, upepo wa kusi ukimalizika, alirudi kutoka kuadhini akakaa kitako bila ya kugusa chai. Alisema ameona kitu upande wa mashariki, si nyota kamili, ni kama pumzi ya mtu kwenye kioo, na nyuma kimevuta mkia mdogo. Mama aliliweka birika chini.

"Neno hilo usilitoe nje," alisema. "Nyota ya mkia haisemwi."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Wazee wetu walisema nyota ya mkia haitoki bure. Ikitoka, mkubwa ataanguka. Na miaka ile ya baada ya mapinduzi, kutamka tu kwamba mkubwa ataanguka kulitosha kukulaza pahala usipopajua. Watu walikuwa wakitoweka majumbani mwao, na jamaa zao wakisema wamesafiri. Tulijifunza kuzungumza bei ya muhogo na kuishia hapo.

Baba alimwambia mtu mmoja tu, mwalimu wa hesabu wa Kihindi aliyekaa nyumba inayotazamana na yetu, kwa sababu alikuwa na darubini na alijua kusikiliza. Kesho yake walipanda paa pamoja kabla ya adhana. Mwalimu alishuka akicheka kama mtu aliyepata mjukuu. Alitueleza kwamba nyota ile inajulikana, inalizunguka jua na kurudi kila baada ya miaka mitatu na miezi kidogo, na ni hafifu hata ni nadra mtu kuiona kwa macho matupu.

"Haina habari na mtu, jirani," alimwambia baba. "Ni mgeni anayeijua njia yake."

Masikini, furaha ilimponza. Aliwaeleza wanafunzi wake, wanafunzi wakawaeleza mama zao, na habari ilipofika soko la Darajani haikuwa na hesabu tena ndani yake. Ilikuwa na mkia na mkubwa wa kuanguka. Alasiri moja gari ilisimama mlangoni kwake. Walimchukua yeye na darubini yake. Mkewe alibaki dirishani, mkono mdomoni, na mtaa mzima ukafunga madirisha. Na sisi tulifunga.

Siku iliyofuata baba aliitwa afisi ya tawi la chama. Ilidaiwa kwamba darubini ile ilikuwa ya kuchungulia kambi ya askari, na hiyo nyota ni kisingizio. Mwalimu alijitetea kwa neno moja: muulizeni muadhini, yeye ndiye aliyeiona kwanza, tena kwa macho yake. Kwa hivyo lililotakiwa ni neno la baba, lile lile ambalo mji ulifunga na kufungua saumu kwalo.

Mama alimshika kanzu mlangoni. "Una watoto, bwana," alimwambia.

Aliporudi alikaa juu ya godoro alilokuwa hajalimaliza. Mama akamuuliza wamemwambia nini.

"Wamenambia, mzee, wewe umeona nyota ya mkia? Nimewajibu, hakuna kitu."

Mama alisema alhamdulillahi. Mimi pia nilishukuru, na sioni haya kusema hivyo. Nilimtaka baba yangu. Yeye alikaa akitazama mikono yake mpaka chakula kikapoa.

Mwalimu aliachiwa Ramadhani ilipokaribia, amekonda, ndevu zimemjaa. Yeye na mkewe hawakukaa sana, walifunga mizigo wende kwa jamaa zao Bombay. Siku ya kuondoka alisimama barazani kwetu akampa baba mkono. "Kwaheri, jirani," alisema, asiongeze neno. Afadhali angemtukana.

Mwezi wa Idi ulitafutwa chini ya mawingu ya vuli. Baba alipanda paa la nyumba, nami nikamfuata. Mawingu yalipasuka kidogo upande wa magharibi, nikauona, kisha yakajifunga. Nilipomgeukia baba alikuwa ameshainua mikono kuomba dua. Mara watu wa msikitini wakaja wakihema kwenye ngazi.

"Muadhini, umeuona?"

"Mimi si mtu wa kuulizwa," aliwajibu. "Nendeni kwa wengine."

Walidhani anautania uzee wake. Mimi sikuulizwa; kwetu mwezi hauandami kwa jicho la mtoto wa kike. Hakuna mwengine aliyeuona, na mji ukalala na nia ya kufunga.

Sasa, anayeuona mwezi wa Idi kwa macho yake, kwake Idi imeshaingia, na kufunga siku ya Idi ni haramu. Lakini anayekamatwa akila mchana wa Ramadhani anatiwa ndani. Asubuhi baba aliingia chumba cha nyuma, mama akatia komeo, akatoa tende na maji chini ya kanga. Baba alikula Idi yake bila ya kanzu mpya, bila ya kusikia takbiri, akilia waziwazi. Na mimi nilikuwa nimeuona, kwa hivyo nilikaa nikala naye. Magharibi alipanda kuadhini, na watu wakafuturu kwa sauti yake. Baada ya Idi alimwomba imamu atafute muadhini mwengine. Muadhini ni mtu wa kuaminiwa, alimwambia, na imamu hakuelewa kilichomsibu.

Tangu nyota ile ikapita miaka mitatu na miezi kidogo. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika baba macho yote mawili. Majirani wakanong'ona kwamba ni laana, nikawaambia usoni kwamba ni uzee, na wao pia utawafika. Jioni moja aliniomba nimpandishe paani. Kumbe siku zote alikuwa akihesabu, kwa hesabu ya mwalimu, lini nyota itarudi.

"Safari hii tazama magharibi, chini," alisema. "Ni kama pumzi kwenye kioo. Ipo?"

Nilitazama mpaka machozi yakanitoka. Macho yangu si kama yake.

"Hakuna kitu, baba."

Aliuweka mkono wake begani kwangu.

"Wewe unasema kweli, mwanangu," alisema. "Mimi niliyasema maneno hayo hayo, na nyota nilikuwa nnaiona."