Adapta Aliyochagua Lyamba

Romana alifundishwa gitaa na Lyamba, mpiga besi wa bendi yao ya harusi pale Majengo, akamwamini kama kaka wa tumbo moja. Kwa hiyo alipopata pedali zake, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti ya gitaa, hakusoma hata maandishi yaliyo chini yake. Alimwomba Lyamba amchagulie adapta ya kuziwasha.

"Chukua hii, mdogo wangu," Lyamba alisema. "Inaziwasha zote bila shida."

Kwenye harusi Ilembo, bibi harusi ndiyo kwanza anaingia ukumbini, Romana akachomeka. Moshi ulifuka miguuni pake, gitaa likanyamaza. Kabla hajainuka, Lyamba alikuwa ameshampa mwenzao besi na kufungua begi lake. Ndani mlikuwa na gitaa la solo na pedali zake mwenyewe, zimeshaunganishwa.

Sherehe ilipokwisha, Romana aligeuza pedali moja. Iliandikwa volti tisa. Adapta iliandikwa kumi na nane.

"Kaka, ulijua?"

Lyamba aliendelea kukunja waya. "Tangu uje, watu wanakutaja wewe tu."

Romana alibeba gitaa lake akatembea hadi kwake Shanwe. Siku hizi anapigia bendi nyingine, na adapta anachagua mwenyewe. Lyamba akimsalimia sokoni anaitika, maana ndiye aliyemfundisha, lakini mkono hampi.