Karakana ya Wanaochelewa

Saa nne asubuhi, Jumamosi, Lorna Friesen anatangaza kwamba mji mzima wa Winnipeg, Kanada, hakuna fundi baiskeli wa kumshinda. Hajamaliza kujisifu, anakiri kuwa baiskeli yake mwenyewe haina mnyororo tangu Machi. Ameanza kuitengeneza mara sita.

Watu kumi walioizunguka meza ya karakana yake hawashangai. Kila mmoja ameleta kazi aliyoikimbia wiki nzima: huyu barua asizozifungua, yule suruali isiyo na zipu. Peke yao zisingekwisha. Wakiketi pamoja, kila mtu na lake, zinakwisha.

Wote wana ADHD, hali inayofanya akili irukeruke kutoka jambo hadi jambo. Na wote ni wapenzi wa jinsia moja au watu waliobadili jinsia.

Lorna, mwenye miaka 46, aliwatafuta wenzake kwa taabu. Kikundi cha kwanza, cha wanawake wapendao wanawake, kilimchoka kwa kuchelewa na kudakia maneno. Cha pili, cha wenye ADHD, kilimvumilia hayo, ila humo, mwaka mzima, alimwita mkewe Chantal "rafiki ninayekaa naye".

"Na mimi nikificha kitu, ndiyo kimepotea," anasema.

Miaka minne iliyopita aliondoa vyuma mezani, akaweka sheria moja: hakuna kuomba radhi. Anayesema samahani anaosha vikombe vya wote. Chantal, mpika kahawa, anasema mwezi ule wa mwanzo Lorna aliosha peke yake.

Sasa Lorna anapanga kufungua meza ya pili kaskazini mwa mji, vuli ikifika, na hana shaka itajaa. Lakini leo macho yake yako mlangoni.

Wes Sinclair, dereva wa basi, amekuja Jumamosi mbili. Alimnong'oneza Lorna kwamba ana mume na ana akili isiyotulia, na hajapata pa kuvipeleka vyote viwili. Mara zote alirekebishiwa breki, akaondoka bila kuketi. Akiondoka mara ya tatu, Lorna anajua, harudi. Yeye mwenyewe hakurudi kwenye kile kikundi cha kwanza.

Saa tano Wes anaingia akisukuma baiskeli. Breki imelegea tena, anasema, na ana haraka.

Lorna anainama, anaigusa nati, kisha anaitazama mikono ya mgeni wake.

"Mdogo wangu, nati hii niliikaza mwenyewe. Haijilegezi."

"Barabara za mji huu, dada. Mashimo matupu."

"Na hiyo grisi vidoleni, nayo ya mashimo?"

Wes anavitazama vidole vyake. Meza nzima imeacha kazi.

"Samahani," anasema.

Chantal keshamrushia kitambaa. Vikombe vichafu ni kumi. Cha kumi na moja ni safi, na kina kahawa ya Wes.