Fumbo la Mauaji katika Mji Usio na Milango

Vitabu nilivyosoma Dubai vingi nilivipata bure, na vingi vilistahili bei hiyo. Mimi ni mtunza stoo katika hoteli moja ya Al Rigga. Mgeni akisahau kitabu chumbani, kinakaa miezi mitatu kwenye rafu ya vitu vilivyosahaulika; asipokiulizia, anakichukua anayekitaka. Anayekitaka ni mimi. Wenzangu husubiri chaja na manukato.

Kwa njia hiyo niliingia katika riwaya za mauaji za Waazteki, wale watu wa Meksiko ya kale. Mgeni mmoja aliacha nne kwa mpigo, zote za Kiingereza, zote na piramidi na kisu kwenye jalada. Nilizisoma nikiwa na kalamu mkononi, kama ninavyosoma kila kitu tangu nilipoacha shule kidato cha pili: upande wa kushoto wa daftari naandika anachodai mwandishi, upande wa kulia nilichokikuta katika vitabu vya historia vya maktaba. Upande wa kulia ulijaa haraka.

Ni riwaya za kipuuzi, na upuuzi wake una utaratibu. Anauawa mtu mkubwa, kwa kawaida hekaluni. Anaitwa kuhani apeleleze. Kuhani huyo, aliyezaliwa na kulelewa katika mji ambamo watu hutolewa kafara mbele ya umati, ndiye peke yake katika mji mzima anayechukizwa na damu. Mwandishi amempa moyo wa msomaji wake, ili msomaji asisumbuke. Kuhani anakusanya ushahidi kurasa mia mbili, anakwama, na hapo mungu anatokea ndani ya moshi na kumnong'oneza jina la muuaji. Kama mungu alijua, kwa nini hakusema ukurasa wa kumi tukaenda zetu? Ukiweka mungu ndani ya fumbo, weka na mipaka yake: anaona nini, haoni nini, anadai nini ndipo aseme. Waazteki walikuwa na kalenda ya siku mia mbili na sitini, kila siku na ishara yake. Watu wenye mpangilio kiasi hicho wanaandikiwa miujiza ya ovyo na watu wasio na mpangilio wowote.

Haya nilikuwa nikiyasema chumbani kwetu Karama, tulikoishi wanaume sita, vitanda vitatu vya ghorofa, kila mtu na pazia lake. Sikujua kwamba mmoja alikuwa akinisikiliza. Alikuwa mlinzi wa jengo la ofisi, mtu wa Machakos, miaka thelathini na kitu. Jumapili moja asubuhi alinijia na madaftari matano ya shule.

"Mwalimu," aliniambia. Wananiita hivyo kwa kejeli; sijawahi kufundisha. "Nimeandika moja."

"Moja ya nini?"

"Ya Waazteki. Mauaji, miungu, kila kitu. Kwa Kiswahili."

Ilimchukua miaka miwili ya siku za mapumziko. Baada ya siku kumi na mbili angekwenda nyumbani likizo, na mchapishaji mmoja Nairobi alikuwa amekubali kuyatazama madaftari akiyaleta mwenyewe. Likizo nyingine ingekuwa baada ya miaka miwili.

"Ukisema haifai, naiacha hapa hapa," alisema. "Sitaki kwenda kuchekwa na mtu wa tai."

Nilisoma kwa siku mbili, kisha nikamwita tuketi.

"Ukurasa wa kwanza jogoo anawika. Waazteki hawakuwa na kuku."

"Hakuna kuku? Sasa waliamshwa na nini?"

"Ukurasa wa tatu kuhani anakunywa chai ya maziwa. Hawakuwa na majani ya chai, hawakuwa na ng'ombe."

Mpishi wetu wa Kizanzibari, mtu mzima kuliko sote, alicheka nyuma ya pazia lake. "Maskini watu hao. Ndiyo maana wakachinjana."

"Na huyu kuhani wako ana kitabu cha matukio. Kila anayeingia kwa marehemu anaandika jina, saa na sahihi. Huyu si kuhani. Huyu ni wewe, uko zamu."

"Sasa, mwalimu, ndiyo kazi najua."

Nikafika kwenye kosa kubwa. Tajiri mmoja, mfanyabiashara wa manyoya, anakutwa amekufa ndani ya chumba kilichofungwa kwa kufuli la chuma kutoka ndani. Fumbo zima lilisimama juu ya kufuli hilo.

"Hawakuwa na makufuli ya chuma," nilimwambia. "Hata milango hawakuwa nayo. Palining'inia kitambaa au mkeka, na wengine wakafunga vikengele."

"Kwa hiyo mtu yeyote angeingia?"

"Yeyote."

Aliyakusanya madaftari, akayalinganisha kingo juu ya goti. "Basi hakuna fumbo."

"Hakuna."

Nilisema kwa raha, nakiri. Nilikuwa nimewadharau waandishi wanne wa Kiingereza wasionisikia. Huyu wa tano alikuwa mbele yangu. Aliyasukuma madaftari chini ya kitanda, kando ya gunia la mchele. "Khalas," alisema.

Mpishi akafunua pazia lake.

"Nyinyi wasomi mna kazi. Mimi nimekaa humu miaka tisa. Kuna mtu kafunua pazia langu bila hodi?"

Akaonyesha kitandani kwake.

"Dawa zangu, pasipoti yangu, picha ya mke wangu, vyote viko nyuma ya kitambaa. Na yule jamaa aliyefunua la mwenziwe, tulimfanya nini?"

"Tulimtoa," mlinzi alisema.

"Siku ile ile. Mlango ukiuingia utasema uliukuta wazi. Pazia utasema nini?"

Ndivyo ilivyokuwa. Chumbani kwetu unasimama kwenye ngazi ya kitanda, unapiga hodi mara tatu. Usipojibiwa unaondoka, hata kama unaona miguu ya mwenyewe. Na mimi nilikuwa nimeandika vile vikengele katika upande wa kulia wa daftari langu, kwa mwandiko wangu, bila kujiuliza vilikuwa vya kazi gani. Hilo ni kosa baya kuliko jogoo. Jogoo ni kutojua; hili lilikuwa uvivu.

"Sasa nani anaingia bila hodi?" mlinzi aliuliza.

"Mwenye nyumba," alisema mpishi.

"Na anayemuuguza mgonjwa," nilisema mimi.

Mlinzi aliyavuta madaftari. Aliandika siku tisa, kila alipotoka zamu. Nilimwagiza afute miungu yote. Alifuta mitatu, akakataa kumfuta mmoja.

"Huyu haoni ndani ya nyumba mpaka mtu afunue pazia," alisema. "Nimemwekea mpaka. Si ulisema?"

Nilikuwa nimesema.

Asubuhi ya safari alinipa daftari la mwisho na kusimama pale nikisoma, begi likiwa limeshafungwa. Katika zile riwaya nne nilimtaja muuaji kabla ya ukurasa wa hamsini. Hapa nilikuwa nimeandika "mke" na kupigia mstari. Hakuwa mke. Alikuwa bibi kizee aliyemwosha tajiri miguu, aliyeingia na kutoka sura nzima mbele ya macho yangu. Nilirudi nyuma kutafuta mahali mlinzi aliponidanganya. Hakudanganya mahali popote.

"Peleka," nilisema.

"Kumbe ni nzuri?"

"Nimesema peleka. Sijasema nzuri. Hapa mizigo ya tajiri imebebwa na farasi."

"Farasi nao hawakuwepo?"

"Hawakuwepo."

"Ai, mwalimu! Mizigo ilibebwa na nani?"

"Na watu. Mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso."

Alinitazama kama mtu aliyeibiwa kisha akarudishiwa. "Hivyo ndivyo mama yangu alibeba maji," alisema. Akaninyang'anya kalamu, akakata farasi, akaanza kuandika akiwa amesimama, daftari limeegemea ukuta, huku teksi ikipiga honi chini.