Wimbo wa Ndani ya Kompyuta

Juzi binti yangu aliniomba nimtafutie programu ya kutungia muziki, ya bure, ambayo hata mtu asiyejua nota anaweza kuanza nayo. Nikafungua moja, na vikatokea vidirisha vya rangi: ukigusa kimoja kinalia, ukigusa cha juu yake kinalia kwa sauti nyembamba zaidi. Papo hapo nilirudi kimawazo Bunia, mtaani kwetu Shari, kwenye baraza la nyanya yangu, nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Wakati ule redio ilisema vita vimekwisha. Lakini wewe rafiki yangu, kama ungekuwepo, ungeamini? Pikipiki ikisimama karibu na ua, wote tulinyamaza, hata kijiko hakikugusa sahani. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: nje ya mlango ni Kiswahili tu. Lugha yetu ingetangaza tumetoka kilima gani, na tulijua watu waliouawa kwa sababu hiyo hiyo.

Nyanya tulimwita Koko. Ng'ombe wake wote walikwenda na vita, ila kila asubuhi aliosha kibuyu cha maziwa na kukifukiza kwa moshi wa nyasi, utadhani atakamua leo. Mimi nikitwanga sombe, majani ya muhogo, yeye aliniinamia na kuniimbia wimbo wa kukamulia, kwa kunong'ona, sikioni. Ulijaa majina: ya ng'ombe, ya mito, ya vilima vyetu. Harufu ya ule moshi ninayo puani mpaka leo.

Uani kwetu alipanga chumba mwalimu wa kwaya, mwenye kompyuta kuukuu. Programu ya kwanza aliyoipata ilimchezea: ilimwacha atunge wiki mbili, kisha ikadai code ya kununua, ikajifunga na wimbo wake wa Pasaka humo humo ndani. Alizunguka vyumba vya intaneti vya mji mzima, flashi mfukoni, mpaka siku moja akarudi anacheka.

"Hii iko ya bule kabisa, haiombake code. Hata weye utaweza."

Na kweli niliweza. Kidirisha kwa kidirisha, nilipanga sauti ya wimbo wa Koko. Mwalimu alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Wimbo bila maneno iko nusu. Koko aimbe, tutamurekodi."

Koko alikubali, sijui kwa nini. Alivaa kitenge chake cha misa, akaketi mbele ya mikrofoni ndogo. Mwalimu akawasha jenereta, akacheza kazi yangu kwenye spika ili Koko ajue pa kuingilia. Koko akafungua mdomo. Hapo hapo geti la mabati likalia, na jirani yetu muuza samaki akasimama uani, beseni kichwani. Alikuwa wa upande wa pili wa vile vita. Hakuna aliyewahi kulitamka hilo, lakini tulijua, naye alijua kwamba tunajua.

Koko akaufumba mdomo kabla ya neno la kwanza, spika ikaendelea peke yake, na jirani akasikiliza mpaka mwisho.

"Ni muzuri," akasema. "Iko wimbo ya wapi, Mama?"

Koko akanyoosha kidole kwenye kompyuta.

"Ya mu ordinatere," akajibu. "Hii mashini ndiyo inaitunga."

Jirani akacheka, akatuachia samaki wawili, akaenda zake. Huenda hakuwa na ubaya wowote. Sijui, na kutojua huko kunaniuma. Koko aliisukuma mikrofoni pembeni.

"Acha ivi ivi. Maneno yetu itasema siye ni ba nani."

Mwaka uliofuata alifariki. Mwalimu alihama, akaniachia ile flashi yenye wimbo wetu. Nilidhani maneno ninayo kichwani, lakini sikuwahi kuyaimba kwa sauti hata mara moja, na kidogo kidogo yalinitoka. Nimebaki na neno moja tu, na sina hakika kama ni jina la ng'ombe au la mto.

Basi juzi nikauweka ule wimbo kwenye programu ya binti yangu. Ukafunguka, mzima, hakuna kidirisha kilichopotea. Akausikiliza mara mbili.

"Mama, huu ni wimbo wa wapi?"

Nilitafuta maneno, hata mstari mmoja wa kumwimbia. Sikupata.

"Ni wa kompyuta," nikamwambia. Koko alipojibu hivyo alikuwa anadanganya kwa hofu. Mimi nilikuwa nasema kweli.