Picha za Sahani za Subirini

Jumatano, tarehe 8 Novemba. Mvua nyembamba tangu alfajiri, baridi, na dirisha la jikoni lilikuwa limeingia ukungu mpaka juu. Barua ya ofisi ya vibali ililetwa saa nane na dakika ishirini mchana. Subirini alikuwa na mapumziko siku hiyo. Aliipokea mlangoni, akaiweka mezani bila kuifungua, akaenda kuosha mikono kana kwamba anajiandaa kula.

Jina lake halisi liko kwenye hati zake. Nyumbani hatukulitumia. Tulikuwa wapangaji watatu katika nyumba ile ya ghorofa ya tatu: yeye, Dereva na mimi, niliyeitwa Mwandishi. Tulikuwa na vyumba vitatu vya kulala, jiko moja, choo kimoja, na meza moja iliyotiwa kigae chini ya mguu mmoja ili isichezecheze. Tulipika kwa zamu. Jumapili ya mwisho wa mwezi hakupika mtu. Tulikwenda mgahawani, kila mtu akaagiza anachotaka. Lakini iwe nyumbani au mgahawani, sahani zikishawekwa na watu wakishashika vijiko, yeye alisimama, akainua simu juu ya sahani yake na kusema, "Subirini!" Ndipo Dereva akambatiza hivyo.

"Dada, chakula hiki kinaliwa au kinapigwa picha ya pasipoti?" Dereva angeuliza.

"Kaka, sekunde moja tu."

"Sekunde yako moja ina dakika nane. Wali umeshapoa, sasa tunakula mchanga."

"Kula basi, nani amekushika mkono?"

"Nile kabla ya shemeji hajakaribishwa? Mimi nimelelewa, dada."

Shemeji ni mume wa Subirini, aliyebaki nchini kwao. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, wa mageti na madirisha, na nyundo na mashine ya kukatia zimemmaliza masikio. La kulia limekufa kabisa. La kushoto lina uhai kidogo, ukimwinamia na kupaza sauti. Kwa hiyo simu ya kuongea haikuwafaa. Walijaribu mara moja ile ya kuonana, mwezi wa kwanza. Mwanamume alikodolea macho midomo ya mkewe kwa dakika tatu, hakuambulia neno, akaizima. Kuandika nako, yeye na herufi hawakuwahi kuwa marafiki. Aliacha shule darasa la pili. Ujumbe wowote ulibidi asomewe na dada yake, yaani wifi wa Subirini, na mambo ya mke na mume hayapendezi kupitia kwa wifi.

Ndipo wakabuni sahani. Kila jioni kila mmoja anaipiga picha sahani yake kabla ya kula na kumtumia mwenzake. Na kila mmoja anatenga kipande pembeni ya sahani. Kukiwa na kuku ni kuku, kukiwa na maharage matupu ni kijiko kimoja cha maharage kilichosogezwa ukingoni. Hicho ni cha mwenzake. Hawakukosa hata siku moja kwa miaka mitatu na miezi miwili.

Mimi mwanzoni niliuona mchezo. Baadaye nilimwona akiisoma picha ya mumewe kama mtu anayesoma barua ya kurasa nne. Siku moja aliishika simu akasema, "Huyu ameumia mkono wa kulia."

"Umejuaje?"

"Kijiko kiko kushoto. Na nyama haikukatwa, ameiacha nzima."

Wiki mbili baadaye wifi aliandika kwamba kaka yake aliungua kiganja, sasa anaendelea vizuri.

Nyuso hawakutumiana. Subirini alifanya kazi katika jiko la mgahawa mmoja mkubwa, kumenya na kuosha, saa kumi kwa siku, miguu ndani ya viatu vya mpira. Mwaka wa pili meno mawili ya mbele yaling'oka, na mwili ukapungua mpaka pete akaihamishia kidole gumba. "Akiniona hivi," aliniambia, "atauza mashine zake anitumie nauli ya kurudi. Kisha tutakula nini, mlio wa nyundo?" Kwa hiyo mume aliona sahani tu, na sahani zilikuwa zimejaa.

Mwezi wa tatu mwaka huu aliwasilisha maombi ya mumewe kuja kuishi naye. Ombi la namna hiyo hupokelewa mara moja tu katika muda wa kibali, na kibali chake kimebakiza miezi kumi na sita. Cheti cha ndoa peke yake hakikutosha. Fomu ilitaka vielelezo kwamba ndoa iko hai: picha za pamoja, mazungumzo, barua.

"Sina," alisema. "Nina sahani."

Mimi ndiye niliyesema sahani zitatosha, zikipangwa vizuri. Hilo sitalikana. Tulichukua mwaka mmoja kamili, siku mia tatu sitini na tano. Kila ukurasa nilibandika mbili, ya mke juu na ya mume chini, na tarehe pembeni kwa wino mweusi. Mwanzoni mwa jalada niliweka maelezo ya kile kipande cha ukingoni. Kazi ilituchukua Jumamosi nne. Jalada lilipokamilika Dereva alilipima kwa mikono, akasema, "Hapa wakikataa, basi hawana njaa hawa." Tarehe nilizikagua mara tatu. Mikono sikuikagua.

Sasa barua ilikuwa mezani. Alirudi, akajifuta mikono kwa kanga, akanisogezea.

"Nisomee. Polepole."

Nilisoma. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa namba na vifungu. Wa pili ulisema maombi yamekataliwa. Ulisema picha zilizowasilishwa ni za vyakula, hazionyeshi mwombaji wala mwenzi wake, na kwamba maelezo kuhusu mpangilio wa chakula ndani ya sahani hayawezi kuthibitishwa. Nikasita.

"Endelea."

"Kuna kifungu kingine."

"Nimesema endelea."

Kifungu kile kilisema hivi: katika picha ishirini na sita za mwombaji, za nyumbani na za mgahawani, unaonekana mkono wa mwanamume, saa ya chuma ikiwa kifundoni upande wa ndani. Mkono ni uleule mwaka mzima. Hali hiyo inaashiria kwamba mwombaji anaishi na kula na mwanamume mwingine, na maombi yake hayakumtaja.

Dereva alikuwa amesimama karibu na jiko akisubiri maji yachemke. Aliutazama mkono wake. Ana miaka sitini na moja, ana wajukuu watatu, anaendesha gari la mikate tangu saa tisa alfajiri, na saa yake huivaa hivyo, uso ukielekea ndani, ili aione bila kuuachia usukani. Mezani amekaa siku zote mkabala na Subirini, kwa sababu kiti cha upande ule ndicho kinachoelekea mlango wa jokofu.

"Mimi?" alisema. "Mimi nilikuwa nachukua chumvi!"

Nilileta jalada, ile nakala yetu, nikafungua. Ukishaambiwa, unauona kila mahali. Tarehe 3 Aprili mwaka jana, vidole vinne ukingoni mwa bakuli. Tarehe 19 Mei, kiganja kizima kikishika mkate. Juni, mgahawani, saa inang'aa kuliko uma. Niliyabandika yote haya kwa mkono wangu, nikayapiga rula yanyooke.

"Si kuna rufaa?" Dereva aliuliza. "Mwandishi, soma, hakukosi rufaa."

Rufaa ilikuwepo, siku ishirini na nane. Ila ilitaka vielelezo vipya, vyenye sura za wanandoa wote wawili, na tamko la mume kwamba anaitambua ndoa na anaitaka iendelee.

"Hilo tamko si shida," Dereva alisema. "Shemeji atie dole gumba, mchezo umekwisha. Na mimi nitaandika kwamba mkono ni wangu, niweke na namba ya leseni. Tena mpigie sasa hivi, nimweleze mwanamume kwa mwanamume."

"Umweleze kwa sikio lipi, kaka?" alisema Subirini.

Maji yalichemka yakamwagikia jikoni, Dereva akazima.

Subirini akauliza jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. "Hii barua wametuma kwangu tu?"

Nilitazama chini ya ukurasa wa mwisho. Nakala: mwenzi wa mwombaji, kwa anwani iliyotolewa katika fomu. Tarehe ya kutumwa ilikuwa ya siku tisa nyuma.

Alikaa. Alichukua simu akaitazama picha ya jana ya mumewe. Wali na mchicha, kijiko kulia. Akaikuza kwa vidole viwili, akaizungusha. Hakukuwa na kitu ukingoni.

"Jana niliiona," alisema. "Nikasema labda amesahau. Nilikuwa kazini, nina haraka. Nikasema labda njaa."

Zamu ya kupika ilikuwa yangu. Nilikaanga viazi na mayai kwa sababu havihitaji akili. Saa kumi na mbili kasoro robo tulikuwa mezani, na Dereva alikuwa amehamia kiti cha pembeni, mikono yote miwili juu ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa. Simu ililia. Hakuwa mume. Ulikuwa ujumbe mrefu wa wifi, na Subirini aliusoma kwa sauti, nafikiri kwa sababu hakutaka kuubeba peke yake.

"Wifi, za huko. Huku wazima. Barua ya watu wako imefika jana asubuhi, kaka kanipa nimsomee. Unajua masikio yake, ilibidi nipaze sauti, na watu wa karakana walikuwepo, wamesikia wote, si kosa langu. Kaka anauliza mkono ni wa nani. Nimemwambia sijui, mimi sikai huko."

Alivuta pumzi, akaendelea.

"Ametoa simu akaanza kutazama picha zako za nyuma, moja moja, tangu jana. Hakwenda kazini leo. Mkono ameukuta hata kwenye zile ambazo hamkuzipeleka. Anasema miaka mitatu alidhani anakula na mkewe, kumbe walikuwa watu watatu mezani. Anasema usimtumie tena. Mimi naandika alivyosema, wifi, usinichukie."

Dereva alisimama, kiti kikaanguka. "Mwandikie mimi ni mzee! Mwandikie nina mvi! Nina kisukari, mwandikie!"

"Kaka, kaa ule."

"Sili!"

"Basi simama, ila usipige kelele. Majirani."

Aliandika jibu. Aliandika kwamba ni mpangaji, mtu mzima, baba wa watu, na kwamba mezani huwa wako watatu kila siku, hata mimi nipo, ila mimi nakaa upande wa simu ndiyo maana sionekani. Aliniomba nisahihishe. Hapakuwa na cha kusahihisha. Wifi alijibu baada ya robo saa: "Nimemsomea. Anasema mbona hukusema mwanzo."

"Nilisema," Subirini alituambia. "Nilisema tangu siku ya kwanza kwamba napanga na watu wawili. Nilimwambia wifi amwambie."

Akaandika hivyo pia. Hilo halikujibiwa. Alimtumia mumewe mwenyewe picha ya viazi na mayai, kipande ukingoni. Alama zilionyesha imefika. Hazikuonyesha imetazamwa. Alikula vitatu kati ya viazi saba, akafunika vilivyobaki, akaosha vyombo vyote ingawa haikuwa zamu yake, na saa mbili alikuwa amefunga mlango wa chumba.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9, mvua ilikuwa imekatika. Dereva hakwenda kazini. Aliomba ruhusa, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya hata alipougua. Saa kumi na mbili na nusu Subirini alituita jikoni. Alikuwa amevaa gauni la maua na kilemba safi. Alitaka picha moja ya sisi watatu, ili mumewe amwone Dereva mzima mzima, mvi na kitambi na yote, na amwone yeye. Nilisimamisha simu kwenye kopo la sukari, nikaweka ihesabu yenyewe. Dereva aliinua mkono wenye saa kifuani, kama mtu anayeapa. Tulipiga kumi na moja. Katika kila moja Subirini, simu ikihesabu, aliinua kiganja kuficha pengo, na Dereva, kwa kutaka kumtia moyo, alimwinamia kidogo akatabasamu.

Alizitazama zote akiwa amesimama dirishani.

"Tunaonekana tuna raha," alisema.

Akazifuta, moja moja, kumi na moja. Alivua gauni la maua akavaa la kazi, akachukua mwavuli ingawa mvua haikuwepo, na saa moja na robo alikuwa ameshatia saini kazini, anamenya vitunguu.